Sifuri ya Donati

Ukifika Mikumi ukaulizia habari za Generoza, utaletewa habari za Donati. Haikwepeki. Generoza anauza chakula kwenye banda la mabanzi kando ya barabara kuu ya Iringa, Donati mumewe anaziba pancha jirani yake tu, na kati ya wawili hao mmoja ndiye anayesikika hadi ng'ambo ya lami. Generoza ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Anaweza kugeuza chapati, kumfukuza nyani anayenyemelea ndizi na kumwekea dereva maji ya kunawa bila kufungua mdomo. Donati hawezi hata kukaza nati bila kuitangaza.

Walifunga ndoa Kilosa, enzi hizo Donati akiwa kijana wa matairi kwenye matrekta ya shamba la mkonge huko Rudewa. Mkonge ulipodorora wakahamia Mikumi, kwa hoja ya Donati kwamba mkonge unaweza kufa lakini misumari ya barabarani haifi. Hapo alisema kweli. Misumari imewalea watoto wao watatu: Imani, ambaye sasa ana kazi Morogoro, Brightness, aliyeolewa Chanzuru, na Brayan, kitindamimba, anayesoma bweni Kilosa na kurudi likizo akiwa na njaa ya muhula mzima.

Hao watatu ndio wanaojulikana. Generoza amezaa mara tano.

Wa pili na wa nne walizaliwa kwa mama yake, milimani juu ya Kilosa, maana binti wa kule alikwenda kujifungulia kwao. Wa pili, wa kiume, alilia vizuri, akanyonya, na siku ya tatu akanyamaza. Wa nne, wa kike, alilia mara moja tu. Na kwa wazee wa kwao Generoza, mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka hajawa bado mtu wa nyumba ile. Ni mgeni aliyesimama mlangoni, na mgeni ana haki ya kugeuza. Hapewi jina. Akigeuza, wanawake wazee humzika wenyewe karibu na migomba, bila matanga wala kilio, na baba huambiwa tu kwamba mgeni amerudi. Mama hakatazwi kuumia. Anakatazwa kulia, kwa kuwa machozi yake, bibi zake walisema, humzibia njia anayefuata.

Generoza alitii. Baada ya yule wa kiume akaja Brightness, na baada ya yule wa kike akaja Brayan, kwa hiyo huenda bibi walikuwa na lao. Lakini kutii siyo kusahau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye aliubeba peke yake miaka yote hiyo, akiamini kwamba Donati, aliyepelekewa habari Rudewa akaitikia na kurudi kwenye matairi yake, hajawahi kuwafikiria hata mara moja. Hakumlaumu. Mwanaume hafundishwi kuuliza habari za mgeni aliyerudi. Ila alitamani, na hili hakumwambia mtu, siku moja wawili wake watajwe na mtu yeyote, mahali popote, kama watu waliopita duniani.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye mpira. Timu yetu ya taifa ilikuwa imetoka kuteleza kwenye mechi ambayo ni heri nisiitaje, na Innocent, dereva wa Zambia apitaye na shaba kwenda bandarini, alikuja kuziba tairi lake akiwa amefunga bendera ya kwao kwenye kioo cha pembeni. Akamtania Donati tangu tairi linafunguliwa hadi linafungwa. Donati, ambaye katika maisha yake hajawahi kukosa jibu, siku hiyo alikosa. Alijaribu kutaja Mlima Kilimanjaro, Innocent akamuuliza kama mlima nao hucheza namba tisa.

Pembeni alikuwapo Rutha, muuguzi wa zahanati, akisubiri gurudumu la pikipiki yake. Rutha ni binti wa wafugaji wa mbuga za Rudewa, kijana mpole aliyelelewa kwa heshima, na alimhurumia mzee wa watu. Akasema maneno ambayo baadaye aliyajutia mwezi mzima.

"Baba Imani, kuna jedwali moja ambalo sisi tunawaongoza Zambia."

Donati aliacha spana ikaanguka. Rutha akafungua simu akamweleza taratibu. Kati ya kila watoto elfu moja wanaozaliwa hai, wako wangapi hawafikishi mwaka mmoja? Kila nchi ya Afrika ina namba yake. Juu, kwenye namba ndogo, wako akina Ushelisheli na Tunisia. Mkiani, kwenye namba za kutisha, wako wengine ambao Rutha aliwataja kwa sauti ya chini. Sisi tuko katikati, tumepanda sana kutoka tulikokuwa, na kwa mujibu wa ukurasa ule Zambia walikuwa nyuma yetu kidogo.

Donati alihangaika kidogo na ligi ambayo mwenye namba ndogo ndiye anayeongoza, kisha akaielewa kwa njia yake: ni ligi ya kutofungwa mabao. Innocent akasema huo siyo mchezo. Donati akamjibu kwamba kwa aliyeshindwa, hakuna kinachokuwa mchezo.

Kesho yake asubuhi mlango wa friji bovu uliokuwa umelala nyuma ya kijiwe ulikuwa umesimamishwa, umepakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa chaki LIGI YA WACHANGA. Tanzania, Kenya, Malawi, Zambia na Kongo zikapangwa kwa namba zao. Rwanda nayo iliandikwa, lakini kwa kuwa malori ya Rwanda hayapiti njia hii na hapakuwa na wa kuitetea, Donati aliishusha apendavyo.

Msimdharau Donati kwa hilo. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, lakini kuna siku mlio wa debe humwamsha aliyelala. Kwa kuwa namba ilikuwa ya taifa na taifa lilikuwa lake, hakuna mjamzito aliyepita mbele ya kijiwe kile bila kuulizwa kama ameanza kliniki. Aliwauliza abiria waliokuwa wakinunua vitunguu. Alimuuliza mama mmoja ambaye kumbe hakuwa mjamzito, na ilibidi Generoza apeleke sahani ya wali kuomba radhi. Rutha akakiri kwamba tangu ubao ule usimame, wajawazito wanawahi zahanati kuliko zamani, wengi wao wakisema wamekuja ili yule mzee awaache.

Madereva nao wakashika pande. Wa Malawi alidai namba yake ni ya zamani, akaleta mpya, ikamrusha juu ya Tanzania, na Donati akakataa kufuta ile ya zamani mpaka aione mpya kwa miwani. Miwani ikawa haionekani wiki nzima. Innocent naye akaleta ukurasa kutoka ofisi nyingine, na humo tofauti kati ya nchi zao ilikuwa imebaki ya kucha. Rutha alipoulizwa ukweli uko wapi, alisema hizi zote ni hesabu za kukadiria, kwa kuwa hakuna anayesimama kwenye kila mlango akihesabu. Watu huenda kwenye nyumba chache, wanawauliza akina mama, kisha wanapiga hesabu ya nchi nzima. Na kwa wengine kuhesabu ni mwiko. Baba yake mwenyewe, mzee Telele, mpaka leo ukimuuliza ana watoto wangapi anakujibu kwamba wapo, na ukimuuliza ng'ombe anakujibu hivyo hivyo.

Aliyekuwa kimya siku zote ni Emanueli, dereva wa Kongo, mtu mnene mwenye roho nzuri ambaye kila apitapo hula sahani mbili kwa Generoza na kusifu zote mbili. Nchi yake ilikuwa chini kabisa ya ubao. Donati hakumcheka, alimpa pole, na pole ya Donati inaweza kuchosha kuliko kicheko. Siku moja Emanueli aliweka kijiko chini akasema kwamba kwao kuna mahali hata huyo wa kuuliza hafiki, kwa hiyo kama namba yenyewe ni mbaya, basi ukweli ni mbaya zaidi. Halafu akaongeza kwamba katika ligi ya namna hii, anayetaja wake wote atashindwa daima na yule anayewaficha.

Generoza alikuwa anasuuza sufuria. Maneno yale yalimwingia mpaka kwenye mifupa, akasuuza sufuria ile ile mara ya pili.

Kama mambo yangeishia kwenye nchi, pasingekuwa na neno. Lakini Donati alikosa wa kumshinda, na mtu akikosa wa kumshinda nje hurudi nyumbani kutafuta. Akachora mstari juu kabisa ya ubao, kupita hata Ushelisheli wenyewe, akaandika: NYUMBA YA DONATI, 0. Akawaeleza wateja kwamba kwake wamezaliwa watatu na wako watatu, na kama kila mwanaume angetunza nyumba yake hivyo, Afrika ingekuwa mbali. Nyani haoni kundule, ila tumtendee haki: hakuwa anadanganya. Alihesabu kama alivyofundishwa kuhesabu. Wageni waliorudi hawamo.

Ubao ule ulitazamana na jiko la Generoza. Kila alipoinama kuchochea kuni, sifuri ile ilikuwa mbele yake, nene na nyeupe.

Madereva wengine nao wakaulizwa namba za nyumba zao. Innocent alipofikiwa, alivua kofia kwanza. Akasema, "Moja." Donati, chaki mkononi, akaandika INNOCENT 1 na kusema basi hata kwa majumba tumewafunga Zambia moja bila. Watu wawili watatu wakacheka. Innocent hakucheka, akaenda kukaa ndani ya lori lake mpaka tairi likawa tayari.

Mchana ule Donati aliletewa ugali na mchuzi usio na nyama. Akachungulia sahani za wenzake, zote zina nyama. Akauliza kama imekwisha. Generoza akasema haijaisha. Mchuzi mtupu ukaendelea kesho, na keshokutwa, na siku zilizofuata, Donati akila huku akitafuta kosa lake kila mahali isipokuwa ubaoni.

Mwishowe Generoza alijaribu. Wateja walikuwa wamepungua, jua limesimama utosini, na Donati alikuwa anapuliza chai. Akamuuliza kwa upole, "Baba Imani, ile sifuri una uhakika nayo?"

"Kama nilivyo na uhakika na jina langu," Donati akajibu, tena kwa furaha, akidhani hatimaye mkewe ameipenda ligi. Generoza akachukua kikombe kilichokuwa bado na chai, akaenda kukiosha.

Basi ndipo wakaja watu wa takwimu. Lilikuwa zoezi la nchi nzima la kuuliza habari za afya, na nyumba zilichaguliwa kwa kura. Nyumba ya Donati ikaangukiwa na kura. Mwenyekiti wa kitongoji alipoleta habari hiyo, Donati aliipokea kwa kichwa kilichoinuka; hakuamini mambo ya kura hata kidogo. Kwa vyovyote taifa lilikuwa limesikia habari za ubao.

Siku yenyewe alifunga kijiwe. Alivaa suti ya harusi yake, ambayo nondo walikuwa wameila kwenye kwapa, akaosha uso kwa sabuni ya unga. Akamkalisha mkewe kitini na kumpa maelekezo marefu: ajibu kwa ufupi, asiingize habari za magonjwa ya majirani, na wakifika kwenye watoto aseme sifuri kwa sauti, wasije wakaandika vibaya. Alikuwa amepiga hesabu zake. Nyumba moja iliyoulizwa inasimama badala ya maelfu, na Malawi iko juu yetu kwa uzi.

"Mama Imani," akamaliza, "leo umevaa jezi ya taifa."

Generoza alimtazama mumewe, mwenye povu sikioni na matumaini usoni, akamhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Usiku kucha alikuwa ameligeuza jambo hili. Akisema ukweli, atamvua Donati nguo mbele ya dunia yote aliyo nayo, maana yale malori ndiyo dunia yake. Akisema sifuri, atawazika wale wawili mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa hajaamua.

Mdadisi alikuwa msichana mwenye koti la kazi, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Aliwaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akajitambulisha, lakini Donati wakati huo huo alikuwa anajitambulisha naye, kwa hiyo jina la binti likapotea hewani. Chai ikamiminwa. Donati akaketi katikati, akajipangusa magoti na kusema yuko tayari. Binti akamweleza kwa adabu kwamba maswali haya ni ya mama, na mama huulizwa peke yake. Baba angeombwa kutoka.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwake kwa shida namna ile. Alisahau kofia akarudi. Akasahau kikombe akarudi. Hatimaye akatokea mlango wa mbele, akazunguka, na punde nyuma ya dirisha ikasikika pampu ya mkono. Donati alikuwa amekumbuka kwamba gurudumu la toroli lao linahitaji upepo, na kwamba linahitaji upepo leo, hapo, chini ya dirisha, mtu akiwa ndani ya suti.

Binti aliuliza habari za maji, za choo, za vyandarua. Pampu ikaenda kwa mwendo wa kawaida. Akauliza umri na shule, pampu ikaenda. Gurudumu la toroli si kubwa, na Generoza alijua kwa masikio tu kwamba lilikuwa limejaa tangu kwenye vyandarua. Kisha likaja swali la watoto. Wangapi anaishi nao, wangapi wako mbali. Akawataja Imani, Brightness na Brayan, na pampu ikaongeza kasi.

Binti akashusha sauti kidogo. Akauliza kama amewahi kuzaa mtoto mwingine yeyote aliyezaliwa hai na baadaye akafariki, hata kama alilia tu, hata kama aliishi kwa dakika chache.

Hata kama alilia tu. Generoza alikuwa amejiandaa kwa swali lolote isipokuwa lenye maneno hayo. Miaka yote alidhani serikali nayo, kama bibi zake, huanza kuhesabu kitovu kikishadondoka. Kumbe kuna watu mahali fulani walikaa mezani, watu asiowajua, wakawafikiria wale waliolia mara moja.

"Wawili," akasema.

Nje, gurudumu la toroli likapasuka.

Binti akaruka na kishikwambi chake. Kuku wa jirani wakatawanyika. Kisha kichwa cha Donati kikapanda taratibu dirishani, kikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, kikabaki hapo. Binti alifahamu wajibu wake. Alisema mahojiano hayawezi kuendelea mtu akisikiliza. Generoza akamwambia mwache asikie. Akamwambia huyo ndiye baba yao.

Binti alisitasita, kisha akaendelea, kwa kuwa mwenye siri alikuwa amesema. Wa kwanza kati ya hao wawili alikuwa wa kiume au wa kike? Wa kiume. Aliitwa nani?

Generoza akaeleza kwamba hakuitwa. Kitovu kilikuwa hakijadondoka, na asiyefika hapo hapewi jina. Binti akasema haidhuru, wengi wako hivyo, atamwandika Mtoto.

"Herman," likasema dirisha.

Wote wawili wakageuka. Donati alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Aliitwa Herman. Lilikuwa jina la baba yangu, nilikuwa nimemwekea. Nilinunua na shuka. Waliponiambia mgeni amerudi nikaona aibu kuuliza, nikampa shuka yule jirani yetu wa Rudewa. Brayan alipozaliwa mlitaka aitwe Herman, mimi nikakataa, unakumbuka? Nilisema ni jina la kizee. Halikuwa la kizee. Lilikuwa na mwenyewe."

Generoza alikumbuka. Alikumbuka jinsi alivyomwona mumewe mtu wa kuiga, anayekimbilia majina ya kwenye televisheni. Miaka yote aliamini anawabeba peke yake, kumbe upande wa pili wa kitanda kulikuwa na mtu aliyebeba vile vile, na kelele zote zile alizipiga juu ya mzigo. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga na upawa.

"Na wa pili?" binti akauliza.

"Wa pili sikuthubutu kumchagulia," Donati akasema.

Generoza naye hakuwa amethubutu. Akamtazama binti yule aliyekuja kutoka mbali kuuliza habari za waliolia mara moja, akaona kwamba umri wake hauko mbali na ule ambao mwanawe angekuwa nao.

"Mwanangu, wewe waitwa nani? Ulisema, hatukusikia."

"Grace."

"Basi mwandike Grace."

 Binti akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, akaendelea na maswali ya chanjo.

Yalipokwisha, Donati aliruhusiwa kuingia. Alikuja na swali moja, akiwa amesimama kama mshitakiwa. Alitaka kujua wameishusha nchi kwa kiasi gani. Grace akamtuliza. Alimweleza kwamba jedwali la sasa hutazama watoto waliozaliwa miaka ya karibuni. Hao wawili ni wa zamani sana, hawaigusi namba ya leo. Taifa liko pale pale.

"Hawaigusi hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba. Usiwe na wasiwasi."

Lakini Donati hakutulia. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa. Asubuhi ile angetoa pumzi zake ili namba isipande hata chembe, na sasa alikuwa anabishana na mtumishi wa serikali kwamba haiwezekani watu wawili wazima, wenye majina, wasiguse kitu. Grace akasema majina yao yameandikwa na hayatafutwa. Donati akasema kuandikwa ni jambo moja. Alimsindikiza hadi barabarani akiendelea kubishana, na mpira wa toroli uliopasuka ukiwa begani, juu ya suti.

Kesho yake alifika kijiweni mapema. Generoza alimwona kupitia moshi wa kuni akipangusa sifuri kwa kiganja, akisimama, akiandika 2. Halafu akapiga hesabu pembeni ya ubao, maana yeye ni mtu wa haki katika ligi: wawili kati ya watano ni sawa na mia nne kati ya elfu.  Akafuta NYUMBA YA DONATI kule juu, akashuka, akaipita Kenya, akaipita Zambia, akaipita hata Kongo, akapiga magoti kwenye vumbi na kuiandika chini kabisa, pale ambapo mlango wa friji unagusana na ardhi. Chini yake akaandika kwa herufi ndogo: HERMAN. GRACE. Na aliposimama akaifuta ile 1 ya Innocent na kumuuliza, kwa kuwa alikuwepo, mtoto wake aliitwa nani. Innocent akamtajia. Donati akaandika.

Emanueli alikuwa kwenye sahani yake ya kwanza. Alisoma ubao kuanzia juu hadi chini, akafuta mdomo, akamtazama Donati aliyekuwa na vumbi magotini.

"Karibu huku chini, muzee," akasema. "Nafasi iko mingi."

Kisha akanyanyuka na unene wake wote, akanawa mikono upya, akaenda mpaka jikoni. Akampa Generoza mkono wa kulia, akiushika na wa kushoto kama ifanywavyo msibani. Akasema, "Pole, mama. Pole kwa Herman, na pole kwa Grace."

Innocent alifuata, kofia kifuani. Nyuma yake wakafuata wa Malawi na matingo wake, na nyuma yao watu ambao hawakujua lolote, waliona foleni ya mkono wa pole wakaingia, kwa kuwa ndivyo mtu aliyelelewa anavyofanya. Rutha alisimamisha pikipiki naye akapanga foleni. Muuza vitunguu mmoja, zamu yake ilipofika, alimuuliza Donati kwa sauti ya chini maziko ni lini.

"Yalishafanyika," Donati akasema. "Sisi ndio tuliochelewa."

Generoza alipokea kila mkono. Kwenye watatu wa kwanza alijikaza, akikumbuka bibi zake. Kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kuzibiwa njia, akalia, hadharani, mbele ya malori yenye namba za nchi nne, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Donati alikuja akasimama kando yake, akashika mwiko asijue afanye nini nao.

Ugali wa siku ile uliungua. Waliula hivyo hivyo, Emanueli akausifu, na Donati alipoletewa sahani yake alikuta Generoza amemwekea nyama.